Kushuti kunakwisha lini? Jibu kwa wanafunzi wanaorekodi Boma la zamani la Iringa

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa chuo mjini Iringa. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu watatu tunatengeneza dokumentari ya dakika 20 kuhusu Boma la zamani la Wajerumani hapa Iringa, ambalo sasa ni makumbusho. Tuna mahojiano tisa na picha nyingi sana za kuta, milango na madirisha. Kamera ya chuo tunatakiwa kuirudisha baada ya siku nne. Msimamizi wetu anasema tumeshashiba, twende tukahariri. Mwenzetu anayehariri anasema filamu bado hatuna. Halafu wazee wawili wametuchanganya: mmoja anasema lilikuwa hospitali, mwingine anasema ni ofisi ya DC tangu zamani, na tunaogopa kuweka uongo. Tutajuaje kwamba kushuti kumekwisha? Na je, tutafute drone hata kwa siku moja? Muziki tuutoe wapi?"

Marahaba, na kamwene kwa wote wanne.

Mhariri wenu msikilizeni. Katika kundi lenu yeye ndiye anayetazama kilichomo kwenye memori kadi. Ninyi wengine mnakumbuka kilichotokea siku ile: mzee alivyocheka, baridi ya asubuhi, mlinzi alivyowapokea vizuri. Mtazamaji hatayaona hayo kama kamera haikuyashika.

Saa za video zikiwa nyingi si dalili kwamba kazi imekwisha. Kushuti kumekwisha siku mnapoweza kuiandika filamu nzima kwenye karatasi, tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho, kwa vipande mlivyonavyo tu, na mtu wa Tabora ambaye hajawahi kukanyaga Iringa akaisoma akaielewa. Panapobaki tundu ndipo pa kurudi na kamera. Kwingine kote pasiwashughulishe, hata kama mwanga ni mzuri.

Kwa hiyo siku ya kwanza kati ya hizo nne msiitoe kamera kwenye begi. Kaeni mezani, sikilizeni mahojiano yote tisa, na kila sentensi inayofaa iandikeni kwenye kipande chake cha karatasi pamoja na jina la faili, dakika na sekunde. Tandazeni vipande sakafuni, vipangeni, vipangueni. Msishangae mkigundua kwamba kati ya watu tisa ni wanne tu wanaobeba hadithi. Dakika 20 ni chache mno, na kumpa kila mtu dakika mbili kwa sababu mnamwonea haya ni namna ya haraka ya kuiua filamu. Wale wengine wana nafasi yao: washukuruni mwishoni, na mahojiano yao mazima yapelekeni makumbusho yahifadhiwe. Huko yanaweza kuwa na faida kuliko kwenye filamu yenu.

Karatasi zikishapangwa, gawanyeni matundu mafungu mawili: yanayohitaji kamera na yasiyohitaji. Maelezo ya msimulizi, ramani, picha za zamani, tarehe, majina ya watu kwenye skrini, vyote hivyo mnaweza kuvitafuta hata mwezi ujao kamera ikiwa imesharudi kabatini. Nimeona makundi ya wanafunzi yakimaliza siku zao za mwisho kwenye kompyuta ya maktaba huku kamera ya kuazima imelala begini. Siku hizi tatu zilizobaki ni za vitu vinavyotaka lenzi na maiki.

Sasa niwaambie tundu ninalolihisi kwa kusoma barua yenu tu. Mna sauti za watu na mna kuta. Hamkutaja hata mara moja mtu anayefanya jambo ndani ya jengo. Ukuta hautendi kitu; ukiuonyesha sekunde kumi mtazamaji ameshauona, na ukiuonyesha mara ya sita ameshachukua simu yake. Nendeni mkamtafute mhudumu anayefungua makumbusho asubuhi, mumwombe ruhusa, mfike kabla yake. Kisha rekodini kitendo kimoja tu, kufungua, lakini kwa ukamilifu wake: anakuja kwa mbali, jengo zima likiwa nyuma yake, mkono unachagua ufunguo kwenye mkungu wa funguo, ufunguo unaingia, kwa karibu sana, na mlio wake, halafu kamera iwe ndani gizani, mlango ufunguke na mwanga umwagike sakafuni, uso wake akipita, miguu, dirisha linafunguliwa, vumbi linaonekana kwenye mwale wa jua. Mwombeni afungue mara mbili au tatu ili mpate pembe zote. Atacheka, lakini atakubali. Kila shoti ishikeni sekunde kumi na tano bila kutikisa, na mtu akitoka kwenye fremu msizime papo hapo; acheni fremu ikae tupu kidogo, maana mhariri atahitaji pa kukatia.

Mkipata vitendo vitatu vya namna hiyo, kufungua, kufagia au kufuta kabati la maonyesho, na labda mwongozaji akiwapitisha wageni, tayari mna uti wa filamu. Sauti za wazee zitakaa juu ya vitendo hivyo, na zile picha za madirisha zitapata kazi.

Mwanga utawasumbua zaidi ya mnavyodhani, kwa sababu mtakuwa mnaunganisha shoti za wiki hii na za majuma yaliyopita. Iringa iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi katikati ya Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini; miezi mingine linapita kusini. Maana yake ni kwamba upande mmoja wa jengo unaweza kukaa kivulini mchana kutwa mwezi Julai, na ule ule ukachomwa na jua Desemba. Fungueni dira ya simu, mjue kila upande wa jengo unatazama wapi, halafu mkaangalie shoti zenu za nje zilipigwa saa ngapi. Rudieni kwa saa ile ile. Na majani! Kama mlianza kushuti kiangazi na mvua zimeshanyesha, nyasi za uwanjani zimegeuka kijani na hakuna rangi ya kompyuta itakayozirudisha vizuri. Hapo shoti za nje za nyongeza zibane ziwe za karibu, ukuta na mbingu tu, ardhi isionekane.

Jambo moja la kitaalamu ambalo huwaumiza wengi: kaguzi kama simu mliyotumia kusaidia kamera ilikuwa kwenye fremu 30 kwa sekunde huku kamera ikiwa kwenye 25. Simu nyingi huanza na 30 usipozibadilisha. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo ndani ya chumba chenye taa za mirija fremu 25 na shata ya 1/50 huondoa ule mkwaruzo wa mwanga unaopanda na kushuka ukutani. Kama mna mahojiano yenye mkwaruzo huo na yamo kati ya yale manne muhimu, yarudieni, au angalau chukueni picha za kutosha za kuyafunika.

Sasa wazee wawili. Msiogope, na wala msimchague mmoja mkamfuta mwingine. Jengo hili la zama za Wajerumani hujulikana kuwa lilikusudiwa kuwa hospitali ya jeshi. Waingereza waliiteka Iringa Agosti 1916, na chini yao likawa la ofisi za utawala. Baada ya uhuru serikali ikaendelea kulitumia, hadi lilipokarabatiwa na kufunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016. Kwa hiyo mzee wa hospitali na mzee wa DC wanaweza kuwa wakweli wote wawili, ila wanazungumzia miaka tofauti, na mmoja wao anasema alichosikia.

Hilo la mwisho ndilo la kulishughulikia kwa kamera. Pigeni hesabu. Mzee mwenye miaka 85 leo alizaliwa karibu na mwaka 1940. Mjerumani hakumwona. Habari za Wajerumani alizipata kwa baba au babu, na zina thamani yake, lakini lazima mtazamaji ajue kwamba ni habari ya kupokewa. Wakati wa Bwana Shauri (DC wa Kiingereza), kodi ya kichwa na harakati za TANU yeye alikuwepo kwa macho yake. Nina shaka kubwa kwamba mlimuuliza, "Mzee, tueleze historia ya jengo hili," naye kwa heshima akawapa historia, yaani kile anachodhani wasomi wanataka kusikia.

Rudini kwake, na safari hii mahojiano yafanyike ndani ya jengo kama miguu inamruhusu. Mpelekeeni gari, msimpandishe bodaboda. Msimkalishe kwenye kiti. Mwacheni atembee, kamera imfuate. Ulizeni vitu vidogo. "Baba, mara ya kwanza kabisa kuingia humu ulifuata nini?" "Ulipita mlango upi?" "Mlisubiri wapi, mmekaa au mmesimama?" "Karani alikaa upande gani?" "Ulivaa nini siku hiyo?" Halafu nyamazeni. Mzee akinyanyua fimbo kuonyesha pembe ya chumba na kusema "pale palikuwa na meza," mmepata dakika moja ambayo mahojiano tisa ya kwenye kiti hayajawapa. Na swali hili msilisahau kwa kila mmoja: "Hilo uliliona mwenyewe au ulisimuliwa na nani?" Jibu lake libaki kwenye filamu. Ukiwaweka wazee wawili wanaotofautiana mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisema habari yake ilitoka wapi, hujamdanganya mtu.

Kumbukeni pia kwamba kwa ugeni au heshima mtu mzima hatawasahihisha mkikosea. Mkimwambia "hapa palikuwa jela, sivyo mzee?" atajibu "ndiyo, ndiyo," na mtaondoka na jela ambayo haikuwepo.

Kitu kingine kinachohusu ukweli: Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Kila dokumentari ya Iringa humtafuta, na ninaelewa, ila wekeni tarehe mezani. Vita vya Lugalo vilikuwa Agosti 1891, Kalenga, ngome yake, ilianguka Oktoba 1894, Wajerumani chini ya Tom von Prince wakaanzisha kituo kipya palipo mji wa sasa mwaka 1896, na Mkwawa akafa Julai 1898. Jengo lenu si la siku zake. Anafaa kuwa sababu ya kuwepo kwa askari hapa, sentensi mbili au tatu za msimulizi, basi. Mkimpa dakika saba atalimeza jengo. Fuvu lake lililorudishwa Kalenga Juni 1954 ni filamu nyingine, na kwa kweli nzuri: bado wako watu waliokuwa watoto siku ile.

Tarehe hizo zina mtego kwenye picha za zamani. Kalenga ndiyo iliyokuwa Iringa ya kwanza, na Wajerumani walitofautisha Alt-Iringa, yaani ya zamani, na Neu-Iringa, mpya. Mkikuta picha au mchoro umeandikwa "Iringa" tu, na ni wa kabla ya 1896, mnachokiona ni ngome ya Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mlipo. Nimeona video zinazoonyesha ngome ya Mkwawa huku msimulizi akisema ni mji wa Wajerumani.

Mahali pa kutafuta, kamera ikisharudi: Bundesarchiv, nyaraka za taifa za Ujerumani, waliweka maelfu ya picha kwenye Wikimedia Commons kuanzia mwaka 2008, ukiwemo mkusanyiko wa Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani. Namba za mkusanyiko wake huanza na Bild 105. Leseni inaruhusu kuzitumia, kwa sharti la kumtaja mpiga picha, hifadhi, namba ya picha na leseni yenyewe, kwa hiyo nakilini maelezo yote siku hiyo hiyo mnapopakua. Chuo Kikuu cha Frankfurt nacho kina hifadhi kubwa ya picha za makoloni kwenye mtandao. Tafuteni "Uhehe" pia, yaani nchi ya Wahehe, si "Iringa" peke yake. Kwa kipindi cha Waingereza, kuna vitabu vya wilaya ambavyo maafisa wao waliviandika kwa mkono na taipu; anzieni kuuliza Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Na msisahau masanduku ya nyumbani. Mtoto wa karani aliyestaafu anaweza kuwa na picha ya baba yake amesimama mbele ya mlango ule ule mnaoushuti. Hiyo moja inahitaji kamera sasa hivi: ipigeni picha nje kivulini, bila flashi, ikiwa imelala bapa, na mrekodi mkono wa mwenyewe akiigeuza kusoma nyuma yake.

Sauti. Kabla hamjafunga vifaa, kila chumba mlichofanyia mahojiano kirekodini kikiwa kitupu, dakika moja nzima, watu wote kimya, maiki ile ile mahali pale pale. Mhariri atakapokata kikohozi cha mzee, tundu litakalobaki litajazwa na ukimya wa chumba hicho na si ukimya wa kompyuta, ambao sikio huushtukia mara moja. Kuta nene na sakafu ngumu hurudisha mwangwi. Kama mtarudia mahojiano ndani, tandikeni blanketi mbili nzito sakafuni na moja nyuma ya kamera. Iringa hamkosi mablanketi. Chukueni pia sauti za peke yake bila kujali picha: mlango, hatua za viatu, ufagio, mji unavyosikika dirisha likiwa wazi.

Kwenye kuhifadhi nitakuwa mfupi kwa sababu hakuna mjadala. Nakala mbili kwenye diski mbili tofauti, zikae nyumba mbili tofauti, na msifute kadi mpaka mtu amefungua faili kadhaa toka kila diski na kuzitazama zikicheza. Video ya kiwango cha megabiti 50 kwa sekunde hula gigabaiti 22.5 kwa saa, kwa hiyo pigeni hesabu kabla ya kwenda kununua diski.

Ridhaa je? Hamkuitaja kabisa, nami nahofu mliiacha. Kila aliyeonekana na kuzungumza aweke sahihi kwenye karatasi fupi inayosema filamu ni ya nini na itaonyeshwa wapi, ikiwemo mtandaoni kama mnakusudia hivyo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na "ni kazi ya darasani tu" haitawasaidia siku video ikisambaa WhatsApp. Asiyesoma, msomeeni, kisha akubali kwa mdomo mbele ya kamera. Wanafunzi wa shule wanaotembelea makumbusho msiwashuti nyuso bila idhini ya shule na wazazi. Migongo na miguu inatosha. Ruhusa ya makumbusho mnayo, naamini. Ombeni iwe ya maandishi, na isiseme jengo peke yake bali na vitu vilivyomo kwenye makabati. Mkitaka baadaye kuionyesha hadharani, pitieni kwa Afisa Utamaduni mapema awaelekeze kuhusu Bodi ya Filamu.

Drone achaneni nayo. Kuirusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hamtakipata kwa siku nne. Hata mngekipata, picha ya paa kutoka juu haijibu swali lolote mlilonalo. Mkitaka kuonyesha jengo liko wapi katika mji, pandeni jiwe la Gangilonga alasiri na lenzi ndefu. Mji mzima uko chini yenu, na kule hakuna propela.

Muziki msichukue wimbo wa msanii mtandaoni, hata kama mtaandika jina lake mwishoni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haisamehewi kwa kumtaja mwenye mali. Mna siku nne, maiki nzuri na mkoa wenye watu wanaopiga ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe. Mtafuteni mmoja, mlipeni chochote cha heshima mtakachokubaliana, arekodiwe katika chumba kimoja cha Boma jioni wageni wakishaondoka. Chukueni pigo moja refu bila kukatiza, kisha mwombeni apige nyuzi moja moja polepole; mhariri atazitumia kwenye vipito. Kwenye karatasi yake ya ridhaa ongezeni mstari mmoja unaosema mmepewa kutumia upigaji huo katika filamu hii tu, na kwamba wimbo unabaki wake.